Baunsa na huduma ya kwanza: huyu kalewa au anaumwa?

Ukimwambia baunsa habari za huduma ya kwanza mara nyingi anakujibu hiyo kazi ya manesi, yeye kawekwa pale kuzuia fujo. Haya, ila fikiria usiku wenyewe unavyokwenda, kuna mtu kaangukia chooni, kuna mwingine kapasuliwa na chupa katikati ya watu wanaocheza, kuna yule kakaa kwenye ngazi kidevu kimelala kifuani na washkaji zake wanampiga picha wanacheka, nani anaitwa kwanza? Jamaa wa mlangoni, kila mara. Na ambulansi hata ije mbio vipi lazima zipite dakika kadhaa kabla haijafika, na mtu ambaye hapumui hana dakika za kusubiri. Uingereza wameshaliweka hili kwenye utaratibu, tangu Aprili 2021 huwezi kuanza mafunzo ya leseni ya ubaunsa bila kuwa na cheti cha huduma ya kwanza mkononi, na kwa mtazamo wangu huo utaratibu ulichelewa sana.

Sasa kufunga bandeji mtu yeyote anajifunza mchana mmoja. Kinachosumbua ni kwamba mlangoni kila kitu kinafanana na pombe. Mtu anayumba, maneno yanamgomea, kawa mkali bila sababu, katapika, kasinzia, na ukimsogelea ananukia bia, basi kazi imeisha, kalewa huyo, mtoe nje. Kumbe mtu wa kisukari aliyeshukiwa na sukari anayumba hivohivo, anaongea ovyo hivohivo na anaweza hata kukurushia ngumi, aliyegonga kichwa dakika ishirini zilizopita anatapika na kusinzia, aliyetoka kwenye kifafa anakuwa kachanganyikiwa hajui yuko wapi, aliyepata kiharusi ulimi unakuwa mzito na upande mmoja wa uso unashuka. Na wote hao wanaweza wakawa wamekunywa kweli, maana wako klabu! Harufu ya pombe inakwambia mtu amekunywa, haikwambii kwamba pombe ndo imemwangusha. Tena pombe yenyewe inashusha sukari, kwasababu ini likiwa linahangaika kuivunja linapunguza kazi yake ya kutengeneza sukari na kuiachia kwenye damu, kwahiyo mtu anayetumia insulini, hajala tangu mchana, kacheza masaa matatu na kanywa, huyo yuko hatarini kuliko anavyojua mwenyewe. Kama bado yuko macho na anaweza kumeza mpe soda yenye sukari, ile ya kawaida siyo ya dayati, utaona ndani ya dakika kumi au kumi na tano mtu anarudi. Kama kazima usimwekee chochote mdomoni.

Habari njema ni kwamba baunsa hatakiwi kujua ugonjwa. Hiyo ndo sehemu watu wanajitisha bure. Unatakiwa kujua mambo matatu tu, anaamka? anapumua vizuri? anazidi kuwa mbaya au anapata nafuu? Mlevi wa kawaida ukimwita kwa nguvu na kumtikisa mabega anafungua macho, anakutukana, anakwambia niache. Huyo anaamka. Asiyeamka hata ukimbana kwa vidole ule msuli ulioko kati ya shingo na bega ni mgonjwa, haijalishi kanywa nini na haijalishi rafiki zake wanakwambia huyu ndo zake kila wikiendi.

Kupima pumzi ndani ya klabu ni kazi kwelikweli na vitabu vingi havilisemi hili, vinakwambia weka sikio karibu na mdomo usikilize, usikilize nini wakati besi inatetemesha mpaka meno yako? Unafanya hivi, mlaze chali, mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya kidevu, inua kichwa kirudi nyuma ili ulimi usizibe koo, alafu weka kiganja chako pale chini ya mbavu ambapo tumbo linaanzia na umulike kifua kwa tochi ya simu. Sekunde kumi, sio zaidi. Unahisi kiganja kinapanda na kushuka kwa mpangilio? Na hiyo tochi ina kazi nyingine, taa za klabu zinampaka kila mtu rangi ya bluu na zambarau kwahiyo huwezi kuona kama midomo imebadilika, mulika kwa mwanga mweupe, na kwa mtu mwenye ngozi nyeusi usitazame mashavu, fungua mdomo uangalie fizi na ndani ya midomo, alafu kucha. Zikiwa za kijivu au bluu oksijeni haifiki.

Kuna pumzi ya uongo ambayo imeshagharimu watu wengi. Moyo ukisimama ghafla, mwili mara nyingi unaendelea kuvuta hewa kwa kushtukashtuka, mtu anakoroma mara moja, kimya, anapanua mdomo kama samaki, kimya tena. Anayetazama anasema ah bado anapumua, tumwache. Hapumui huyo. Kama haamki na pumzi zake si za kawaida hesabu moyo umesimama, piga simu ya dharura weka spika, na uanze kukandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimeta 5 mpaka 6, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila ukibonyeza. Waliofundishwa wanabonyeza mara 30 wanapuliza mara 2, ambaye hajafundishwa au hataki kugusa mdomo wa mtu aliyetapika abonyeze tu bila kuacha. Inachosha balaa, hata jitu la miraba minne baada ya dakika mbili linaanza kubonyeza juujuu bila lenyewe kujua, kwahiyo mpokezane. Na mwingine akimbie kuleta mashine ya kushtua moyo kama klabu inayo, maana kila dakika inayopita bila msaada nafasi ya kupona inapungua kwa karibu asilimia 10. Watu wanaiogopa hiyo mashine wakidhani wataua mtu, wakati inapima mapigo yenyewe na haitoi shoti kama moyo hauhitaji, inakuongoza kwa sauti, wewe kazi yako ni kupasua shati, kufuta jasho kifuani na kubandika zile pedi mbili pale mchoro wake unapoonyesha. Nguo ya ndani yenye waya ikikuzuia kufika sehemu ya pedi, kata. Aibu baadaye.

Turudi kwa anayepumua ila haamki, maana huyu ndo utakutana naye zaidi. Kosa namba moja ni kumkalisha. Unamwona kawekwa kwenye kiti au kaegemezwa ukutani, kichwa kimedondoka mbele, na njia ya hewa imejikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa, na akitapika hapo matapishi yanarudi kwenye mapafu. Mlaze ubavu, goti la juu lililokunjwa limzuie asiviringike, kichwa kirudi nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili kitu chochote kimwagike nje. Alafu mtu abaki naye. Sio kupita kila baada ya nusu saa kuchungulia, abaki, ahesabu pumzi, zikishuka chini ya 8 kwa dakika au kukiwa na ukimya wa sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi hiyo ni dharura kamili.

"Muache alale zitaisha" ni sentensi ya hatari sana na nitakwambia kwanini. Pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata kama mtu ameshaacha kunywa, kwahiyo aliyepiga shoti tano za haraka kabla hujamtoa nje bado hajafika kilele chake, saa nane usiku anaongea, saa nane na nusu hasikii. Kukoroma kwa nguvu sio usingizi mtamu, ni koo linajiziba. Kahawa haifanyi kitu, maji ya baridi yanamshusha joto ambalo tayari linakimbia kwasababu pombe inapanua mishipa ya ngozi, na kumtembezatembeza uwanjani kunamwangusha tu. Kumtapisha kwa kidole ndo usithubutu.

Ndo maana nasema kumtoa mtu nje ni uamuzi wa kitabibu hata kama hukuusomea. Ukimsukuma nje mtu asiyeweza kusimama, kwenye baridi, peke yake, karibu na barabara, umeondoa tatizo kwenye jengo ila hujaliondoa kwenye mwili wake. Na angalia anayekuja kukwambia "huyu nipo naye, nitamfikisha". Msichana ambaye kanywa glasi mbili na kalegea kama kanywa chupa nzima inawezekana kawekewa kitu, na huyo anayejitolea kumbeba inawezekana ndo kakiweka. Muulize jina lake kamili, muulize wamefahamiana wapi, tafuta marafiki aliokuja nao. Akikasirika kwa maswali hayo madogo umeshapata jibu.

Dawa za kulevya nitapita haraka, maana huhitaji kujua jina lake ili kuokoa mtu. Mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, pumzi zinapungua, haamki, hiyo inaelekea kwenye dawa za jamii ya afyuni kama heroini, na kama una naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya hizo afyuni, ile ya kupuliza puani, na umefundishwa, puliza, ila kaa naye kwasababu naloksoni inaweza kuisha nguvu kabla ya dawa yenyewe na mtu akazama tena. Kinyume chake ni yule anayewaka, ngozi ya moto, taya limekaza, mboni zimepanuka, haachi kusogea, hao wa ekstasi na jamaa zake, joto la mwili ndo linaua, mtoe kwenye msongamano, mvue jaketi, mloweshe na mpepee, ila usimmiminie maji ya kunywa lita kwa lita maana dawa hizo zinafanya mwili ushikilie maji, na chumvi ya damu ikishuka sana ubongo unavimba. Na kuna ile dawa ya kulevya ya maji wanaiita G, yaani GHB, mtu anacheza anacheka alafu anazima kama taa, ikichanganyika na pombe pumzi inasimama. Marafiki wakiogopa kusema kilichotumika waambie wewe hujali sheria, unachotaka ambulansi ijue ni katumia nini na kiasi gani.

Hapa sasa nataka nikae, kwasababu ndo sehemu ambayo baunsa mwenyewe anaweza kuwa chanzo cha kifo. Kumlaza mtu kifudifudi na kumkalia. Picha yake mnaijua, jamaa kaleta vurugu, mabaunsa watatu wamemwangusha, mmoja goti mgongoni, mmoja kashika mikono nyuma, mmoja miguu, jamaa anapambana. Ili upumue mbavu zinatakiwa zipanuke na tumbo lisogee, sasa tumbo limebanwa sakafuni, mgongo una kilo themanini juu yake, na mtu huyo katoka kupigana kwahiyo mwili unadai hewa mara nyingi kuliko kawaida. Anajitahidi kuinua kifua apate hewa. Wewe juu unaona anazidi kupambana, unaongeza uzito. Yeye anazidi kukosa hewa, anapambana zaidi. Alafu anatulia, na mtu anasema haya kapoa. Hajapoa.

Mei 2020 kule Minneapolis George Floyd alibanwa shingoni kwa goti zaidi ya dakika 9 huku akisema hawezi kupumua, dunia nzima iliona, na bado mpaka leo utasikia mtu wa ulinzi anakwambia "akiweza kuongea anaweza kupumua". Uongo. Kusema neno kunahitaji hewa kidogo tu, hewa ya kumwezesha mtu kuishi ni nyingi zaidi. Anayesema siwezi kupumua mwamini, ukikuta alikuwa anakudanganya umepoteza nini? Wanene, wenye pumu, waliotumia kokeini, waliolewa sana, hao wanazima haraka zaidi.

Kinachotakiwa ni kuwa na mtu wa kichwa. Kati ya mnaomshika, mmoja asishike chochote kwa nguvu, akae upande wa uso wa jamaa, amwongeleshe, atazame rangi na pumzi, na neno lake liwe sheria, akisema achia mnaachia hata kama meneja anapiga kelele. Ikitokea mtu kaangukia tumbo, mgeuzeni ubavu au mkalisheni haraka iwezekanavyo, hizo ni sekunde sio dakika, hakuna goti kwenye mgongo, hakuna mkono shingoni, na ile kabali ya kuzungusha mkono kooni isahauliwe kabisa. Akitulia ghafla ndo unaanza upya yale maswali matatu.

Baada ya hapo kichwa. Mapigano mengi ya klabu ngumi yenyewe haiui, kinachoua ni kisogo kugonga zege, maana aliyelewa haweki mikono chini anapoanguka, anakwenda kama gogo. Na ubaya wake anaweza kuzima sekunde chache, akaamka, akaomba sigara, akaongea vizuri tu, huku damu inajikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo, saa moja mbele anaanza kutapika, kusinzia, mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyingine. Kwahiyo yeyote aliyezima baada ya kugonga kichwa, hata kidogo, anakwenda hospitali, na kama anatoka majimaji au damu sikioni usimsimamishe kabisa, shikilia kichwa kisiyumbe mpaka wafike. Akikataa kwenda mwambie rafiki yake kwa maneno ya wazi dalili za kuangalia, mlevi hatazikumbuka.

Damu inatisha lakini ndo rahisi kuliko yote. Vaa glavu, kandamiza hapohapo inapotoka, kwa nguvu, bila kufunua kila dakika kuangalia. Jeraha la shimo kama la kisu pajani unajaza kitambaa au gozi mpaka ndani alafu unakandamiza juu yake. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka au inalowesha sakafu, mkanda maalum wa kubana damu ufungwe sentimeta 5 mpaka 7 juu ya jeraha, sio kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe, uzungushe mpaka damu isimame, utamuuma sana na hiyo ni kawaida, uandike saa uliyofunga. Mkanda wa suruali mara nyingi hausaidii, haubani vya kutosha. Kisu au kipande cha chupa kilichozama kiache humohumo, kandamiza pembeni yake. Jeraha la kifuani usilizibe kwa nailoni. Damu ya puani mtu ainame mbele abane sehemu laini ya pua dakika kumi, ile ya kuangalia juu inampeleka damu tumboni anakuja kukutapikia viatu. Na jino lililong'oka zima, lishike kwa upande wa kutafunia sio mzizi, liweke kwenye maziwa, daktari wa meno akilipata ndani ya saa moja lina nafasi ya kurudi.

Kuna usiku ambao mgonjwa si mmoja. Februari 17, 2003 kwenye klabu ya E2 kule Chicago walinzi walipuliza dawa ya pilipili kuvunja ugomvi, watu wakakimbilia ngazi moja, wakarundikana, wakafa 21, wengi kwa kubanwa kifua. Januari 27, 2013 klabu ya Kiss kule Santa Maria, Brazili, moto ulishika sponji ya dari, na mwanzoni walinzi waliwazuia watu mlangoni wakidhani wanakimbia bili. Walikufa 242, wengi kwa moshi wenye sumu, sio kwa kuungua. Ukizisoma hizo habari mbili unaona kwamba kitendo kikubwa kabisa cha kuokoa maisha alichonacho baunsa ni mlango wenyewe. Umati ukianza kusogea kwa pamoja kuelekea kwako na huelewi kwanini, fungua milango yote, uliza baadaye, na mtu aliyetolewa kwenye rundo hapumui anaanzishiwa kukandamizwa kifua palepale nje.

Wewe mwenyewe pia una mwili. Kung'atwa kunatokea kuliko watu wanavyosema, osha kwa maji mengi na sabuni, na kama ngozi imepasuka au damu ya mtu imeingia kwenye kidonda au jicho nenda hospitali siku hiyohiyo, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema ndo bora. Ukipigwa dawa ya pilipili tafuta upepo, fumbua macho chini ya maji yanayotiririka, usisugue.

Ambulansi ikifika, mmoja awe tayari barabarani kuwaelekeza na foleni iwe imeshasogezwa. Wanachotaka kusikia kutoka kwako ni kifupi, saa ngapi ilitokea, alionekana akifanya nini, alizima au hakuzima, kwa muda gani, umemfanyia nini, kama alishikiliwa na kwa mkao gani. Hiyo ya mwisho watu wanaificha kwa kuogopa kesi, na kuificha kunamwumiza mgonjwa maana daktari anatafuta sababu nyingine. Andika kwenye daftari la tukio usiku uleule, saa na majina ya waliokuwepo.

Na mazoezi. Ujuzi wa kukandamiza kifua unaanza kuporomoka miezi mitatu mpaka sita tu baada ya kozi, cheti kikiwa bado kinang'aa ukutani. Kwahiyo kabla ya kufungua milango siku moja moja zimeni taa, washeni muziki mpaka mwisho, mmoja wenu ajilaze chooni kwenye kile kichumba chembamba mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, alafu muone inachukua muda gani mpaka mtu amtoe, amlaze ubavu na kujua kama anapumua. Mtagundua mlango wa choo unafungukia ndani.